Kitenge Kule Lufira

Liège, 9 Juni 2024

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Ubelgiji. Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, Orpa anakua, Athanase anakusalimu.

Mama, tunakuja likizo ya Julai! Na rafiki yetu Benoît, anayependa sana nature, pori na mito. Tutapiga hema kando ya mto Lufira, tuogelee, tuchome samaki. Na wewe utakuja nasi. Athanase anataka hatimaye amfahamu vizuri mama mkwe wake.

Mwanao,
Christiane

Likasi, 16 Juni 2024

Mwanangu Christiane,

Namshukuru Mungu kwa habari zenu. Goti linauma. Mpige mjukuu wangu busu.

Sasa hiyo nature. Babu yako aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, akalala kwenye kibanda cha majani mpaka kampuni ilipompa nyumba ya matofali hapa mtaa wa Panda. Alilia kwa furaha. Leo mjukuu wake anapanda ndege ili akalale chini. Tena kuogelea! Julai ndiyo baridi yetu, au umesahau? Asubuhi tunavaa makoti, na pori lote limeungua. Huyo Benoît atafurahia majivu.

Kuhusu mume wako, namfahamu vya kutosha. Kwetu Baluba mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Baba yako akikutana na mama yangu njiani aliingia kwenye majani mpaka apite, na alimpenda kuliko dada zake mwenyewe. Wazazi wa Athanase walikuwa na shughuli gani huko Liège hata wasimfundishe?

Nitakuja kwa ajili ya Orpa tu. Nitakaa mbali.

Mama yako,
Mwadi

Liège, 20 Juni 2024

Mama, jambo, na afya iwe nawe.

Athanase amecheka sana. Anasema hayo ni mambo ya zamani. Mimi naomba kitu kimoja tu: usituaibishe mbele ya Benoît.

Christiane wako

Likasi, 21 Juni 2024

Mwanangu,

Ni mzima. Nimesoma. Mtoto niliyemzaa anaogopa aibu ya Benoît. Vizuri. Nitakuja na sahani yangu.

Mama yako

Likasi, 4 Agosti 2024

Christiane,

Natumaini mmefika salama. Afya yangu leo haina maana.

Nakuandikia mambo ya Lufira kwa sababu kila mtu anayasimulia vibaya. Nilikaa nyuma ya gari, nimelitazama pori, namega tonge za bukari yangu kwa amani. Mume wako akapiga kelele: «Mama Mwadi, kuya huku! Weye unajificha nini? Minye si simba!» Jina la mama mkwe, porini, kama anaita muuza mkate! Dereva akamwambia: «Patron, usiingie pale, maji iko na nguvu.» Akajibu kwamba huko kwao anaogelea kila Jumamosi. Kwenye bwawa lenye vigae!

Niliposikia ukilia, niligeuka. Hapo ndipo nilipouona uso wa mkwe wangu kwa mara ya kwanza, nao ulikuwa unazama. Wewe umesimama kama nguzo. Benoît ameshika simu, anapiga video. Basi nikavua kitenge, nikamrushia, tukamvuta mimi na dereva. Asiyefunzwa na mamaye, Lufira imejaribu.

Nilisimama na jupon tu, nguo ya ndani, tena imelowa, mbele ya mkwe wangu. Sijutii, mtu hafi kwa ajili ya kitenge. Lakini aibu kama hiyo ina dawa yake: mkwe analeta mbuzi yeye mwenyewe, anasimama getini amekupa mgongo, anaomba msamaha, na yameisha. Yeye alifanya nini? Alicheka, akataka kunikumbatia. Kisha akaiweka video kwenye Facebook, «belle-mère championne», eti mama mkwe bingwa, na vile vichwa vidogo vya njano vinavyocheka.

Kwaya nzima imeiona. Kiongozi amenishauri «nipumzike kidogo». Nimeimba kwenye kwaya ile tangu hujazaliwa. Nililia, Christiane, nakwambia wazi.

Video itoke. Na mpaka bwana huyo aioshe aibu hii, mguu wake usikanyage kwangu, wala wako. Orpa nitamlilia mwenyewe.

Mwadi

Liège, 30 Agosti 2024

Mama yangu,

Natumaini goti limepata nafuu. Sisi wazima wa mwili tu.

Video tumeitoa siku ileile barua yako ilipofika. Athanase alikasirika, akasema hawezi kuomba msamaha kwa kuleta mbuzi kana kwamba yuko mahakamani. Akaenda kwa baba yake ili acheke naye. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mlango na kumwambia atoke. Mama, nijibu.

Christiane wako

Liège, 8 Oktoba 2024

Mama,

Bado hujajibu. Wewe mzima? Orpa anakuuliza kila siku, sijui nimjibu nini. Athanase amesafiri kwenda Lubumbashi, anasema ni kazi. Tangu lini ana kazi Lubumbashi?

Mwanao

Likasi, 13 Oktoba 2024

Mwanangu Christiane,

Natumaini wewe na mtoto ni wazima. Mimi ni mzima.

Kazi ya mume wako ilikuwa hapa kwangu. Alikuja jana, anavuta mbuzi kwa kamba ya mbwa, ile mnayotumia huko. Mbuzi mwenyewe mbavu tupu, bila shaka sokoni walimwona anakuja. Akasimama getini, akanipa mgongo, uso kwenye barabara. Jua la Oktoba unalijua. Panda yote ilitoka kumwangalia, wengine na simu zao. Akawaacha wapige picha. Kisha akasema kwa nguvu: «Mama, ni minye Athanase. Maji ilitaka kuniua, muliniokoa, na minye nikawachekea. Munisamehe.»

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimwacha asimame mpaka shati likalowa lote, kwa sababu mimi pia nilisimama nimelowa. Ndipo nikamtuma jirani apokee mbuzi. Nilipika bukari na sombe ya majani ya mihogo, akaletewa kwenye baraza ya jirani. Alimaliza, akaomba tena. Huko unampa nini mtu huyu?

Leo nimeimba kanisani. Julai mje, na mlale kitandani kama watu.

Mwambie nimemsamehe. Lakini asithubutu kunisalimia.

Mama yako,
Mwadi