Beti Nane Nilizomtumia Baba

Garland, Texas

Dada yangu Zainabu,

Mimi mwili ni mzima na kazi zinakwenda. Mguu wako vipi? Mama anakula? Nakuuliza wewe kwa kuwa simu ya nyumbani bado unayo wewe, ingawa siku hizi kila unaloniambia nalipima mara mbili.

Mzee Hamisi aliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Missouri City mpaka kwangu, akakataa chai. Mtu wa Tanga akikataa chai, unajua. Akasema, "Kaa, mwanangu. Baba yako amezikwa Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Aliye mbali hapashwi habari ya msiba kwa simu, hutumiwa mtu. Hilo silaumu. Nalaumu majibu yako.

Kile kitabu nilichonunua Dallas unakijua, cha mshairi Mgiriki wa kale aliyekichukua kisa cha vita pale mshairi wa kwanza alipokiachia, kwenye mazishi ya shujaa, akakiendeleza mamia ya miaka baadaye. Macho ya Baba yalikwisha, basi nikawa nasoma mimi, natunga utenzi ndani ya gari kabla wafanyakazi wangu sita wa usafi hawajaingia, natuma kwa sauti. Wewe unamshikia simu na kuandika daftarini, yeye anahesabu mizani nane za kila mshororo kwa vidole na kunisema: "Mwalimu mzima nimezaa mtoto asiyejua nane."

Wiki ile ya msiba tulifika kwa mfalme wa watu weusi, aliyetoka mbali kupigana vita visivyo vyake, akafia huko. Nilituma beti kumi na moja. Tatu Jumapili, nane kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Ukajibu, "Amezisikia, amecheka." Ubeti wa sita niliutia mshororo wa mizani tisa makusudi, ili aniseme. Hakunisema. Nikadhani amechoka.

Kitabuni, mama wa yule mfalme ni Alfajiri yenyewe. Alimwona mwanawe akianguka, akakataa kupambazuka. Mimi Jumatatu ile niliamka nikaenda kazini napiga mluzi.

Unataka niumalize utenzi usomwe kwenye arobaini. Nitaumaliza. Ila zile nane zifute daftarini. Na zile tatu za Jumapili, Dada, alizisikia zote, au ngapi? Usiniambie alicheka. Niambie ubeti wa mwisho ulioingia sikioni mwake. Nitaanzia hapo.

Mpe Mama mkono wangu. Nisalimie shangazi wa dukani, na shemeji fundi cherehani aliyekuwa mmoja wa waliomshusha Baba kaburini badala yangu.

Ndugu yako asiyejua nane,
Idrisa