Tai za Mnada wa Subukia

Jumamosi, 6 Machi 1954

Mnada leo, nyuma ya maduka ya Wahindi. Vitu vya mzungu mmoja wa Subukia aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo – vitanda, tandiko la farasi, vyombo vya chai. Nilikwenda na Kiplangat, karani wa bohari ya reli, rafiki yangu wa tai – sote wawili tunakusanya tai za shingoni. Mke wangu Njoki alikuja pia, Wangare mgongoni. Alitaka sufuria. Zikachukuliwa na wengine. Mimi na Kiplangat tukapata sanduku la kadibodi ambalo hakuna aliyelitaka – tai tupu! Zimekunjamana kama matumbo ya mbuzi. Njoki alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 7 Machi

Baada ya kanisa Kiplangat alikuja, tukazitandaza kitandani. Tukagawana. Halafu ubishi ule ule wetu: hii ni ya mwaka gani? Kuna moja nyeusi ya hariri, mistari ya kijani. Mimi nikasema ni ya kabla ya vita vya kwanza vya Wajerumani. Imekatwa kufuata uzi, si mshazari. Ukiivuta hairudi. Yeye akasema hapana, tazama bitana, sufu ya namna hii ilikuja baadaye, ni fundi mzee tu aliyeshikilia ukataji wa zamani. Labda yeye ndiye aliye sawa. Chai ilipoa tukiwa bado tunabishana.

Wakati kama huo nasahau Imajensi, hii hali ya hatari ya kuwasaka Wakikuyu. Kiplangat hanitazami kama Mkikuyu. Ananitazama kama mtu anayekosea miaka.

Jumatano, 10 Machi

Kutwa nzima nimepiga pasi dukani kwa tajiri wangu, Bwana Velji. Jioni nikaanza kusafisha. Doa la mafuta kwanza ni unga wa chaki, uuache unywe. Kisha kitambaa cheupe chenye petroli kidogo – unagusagusa, husugui. Ukisugua hariri inakufa. Na pasi yenyewe haiigusi tai. Kitambaa kibichi juu, mvuke tu ushuke.

Moja ina herufi mbili nyuma ya ncha ndogo, zimeshonwa kwa mkono, uzi wa manjano. Labda ni mke wa yule marehemu. Nilishika wembe nizifumue, nikaona haya. Nimeziacha.

Wametangaza tena: Mkikuyu asiye na pasibuku, kile kitabu cha kibali cha serikali, atapakiwa kwenye lori kwenda rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu. Mimi ninayo, kwa sababu ya kazi ya Velji. Njoki hana. Alizaliwa Kabazi, kwenye shamba la mzungu. Hiyo rizavu wanayosema ni kwao hajaiona hata siku moja! Nimemwambia asitoke tena mchana.

Jumapili, 14 Machi

Alfajiri mtaa wetu wote wa Bondeni ulizungukwa na askari. Jirani yetu, mama mmoja Mluhya, alimvuta Njoki na mtoto ndani kwake kabla hawajafika mlangoni petu. Mungu ambariki.

Kwangu walipindua godoro, wakaona tai ukutani. Askari mmoja akazivaa tatu pamoja, wenzake wakacheka. Afisa mzungu hakucheka. Alikuwa ameshika ile yenye herufi. Akaniuliza tai ya mtu huyu nimeipata wapi. Nikajibu: mnadani, Bwana. Mwenyewe alikufa, ugonjwa wa moyo.

– Nani alikuambia alikufa kwa moyo?

Nikamwambia: Watu wote walisema hivyo! Wametia tai zote kwenye gunia. Wamechukua na pasibuku yangu. Nirudi kituo cha polisi Jumatatu ya tarehe 22, na shahidi aliyeona nikinunua. Nisipokuwa naye, wataniona mwizi wa nyumba za Wazungu – au kitu kibaya zaidi, mmoja wa watu wa msituni wanaoua Wazungu.

Jumatatu, 15 Machi

Dalali wa mnada anasema aliandika vitu vikubwa tu. Masanduku ya takataka hayakumbuki, na wanunuzi weusi pia hawakumbuki. Bwana Velji alifunga mlango kwanza ndipo akasema: Ephantus, najua wewe mtu mzuri, lakini jina langu usilitaje huko.

Nikaenda bohari ya reli. Kiplangat alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Bwana, si tulikuwa pamoja? Nitasema. Asubuhi ile nitakuja kukuchukua, twende."

Kidogo nilie pale mbele ya makuli. Nilipokuwa naondoka akaniuliza, polepole, kama walitaka kujua nani ana zile tai nyingine tulizogawana. Nikamwambia hapana, hawakuuliza.

Alhamisi, 18 Machi

Ukuta mtupu. Misumari tu, pale nilipokuwa natundika tai. Jioni mikono haina la kufanya.

Jumamosi, 20 Machi

Nimekutana na Kiplangat sokoni. Shati wazi, shingo tupu! Tangu nimjue sijamwona hivyo. Nikamtania. Akasema ni joto. Upepo wa mlima wa Menengai ulikuwa unakata masikio.

Jumatatu, 22 Machi

Nilivaa mapema. Nikangoja. Jua likapanda, Kiplangat hakuja. Nikatembea mpaka nyumba za reli. Mke wake, Chepkemboi, alifungua mlango akasimama katikati yake.

– Baba Wangare, mwenyewe hayuko. Jana alipanda gari la moshi kwenda Londiani. Mama yake ni mgonjwa.

Alikuwa anatazama viatu vyangu. Nyuma yake jiko lilikuwa linafuka, na ile harufu – kama nywele zilizoungua. Hariri ikiungua hunuka hivyo. Naijua.

Nikasema mama apone haraka. Sikuuliza kitu kingine. Yeye pia ana watoto.

Nimerudi. Njoki ameshamwogesha Wangare. Amevaa gauni la kanisani. Alinitazama tu usoni akajua.

– Basi mimi nilikuwepo mnadani. Niliona. Nitasema.

– Huna pasibuku. Ukiingia pale hutoki.

– Najua.

– Na mtoto?

– Mtoto ananyonya. Atakwenda niendako.

Nikasema nitamfungia ndani kwa kufuli. Akasema nifunge, atapiga kelele mpaka askari waje wenyewe, na hapo jirani aliyemficha naye ashikwe. Hakupandisha sauti. Nimekaa kitandani naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine. Ameshamfunga Wangare mgongoni. Anauliza, ukishapita posta, kituo kiko mkono gani? Hajawahi kufika huko.

Ameuliza mara ya pili. Bado naandika.