Kaunta ya Mama Yasmin

Buzuruga, Mwanza
14 Juni

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yamekupa nafuu. Mama naye hajambo? Mwambie dagaa alioagiza nimeshanunua na mchanga nimeutoa mwenyewe. Mimi sijambo kabisa: nakula, nalala, kanisani naenda. Ningepiga simu, ila kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika katikati, na haya ya leo nataka uyasikie mpaka mwisho.

Unajua nauza vigae dukani kwa Faisal. Mwezi uliopita alikuja Mama Yasmin, mpishi wa shughuli anayekaa Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Alitaka kaunta mpya ya jikoni, ya graniti nyeusi, na mtu wa kumkadiria gharama. Mafundi wawili walikuwa wamekwenda, wote wakamwambia jiwe livunjwe kwanza. Maana kwenye kona ya jiko lake jiwe la mlima limeingia ndani, na ukuta umejengwa kulifuata. Marehemu mumewe ndiye aliyejenga hivyo. Mama Yasmin akasema anayetaka kulivunja aanze kumvunja yeye. Nikamwambia nitakwenda kupima.

Nilipima, Baba, nikajiona mjanja. Urefu mita tatu na sentimita ishirini, upana sitini. Nikaandika graniti yenyewe, saruji mifuko mitatu, nondo, mchanga, kokoto, mbao za kufungia zege, gundi ya mawe, na wabebaji wanne kwa sababu gari halifiki kule. Jumla ikaja milioni moja na laki sita. Mama Yasmin akaguna, akaomba punguzo, mwishowe akakubali.

Siku ya kwenda kukatisha graniti, nikashtuka njiani. Nilikuwa nimepima sakafuni, ambako lile jiwe lina tumbo. Usawa wa kiuno linarudi nyuma karibu shubiri nzima. Kwa vipimo vyangu pangebaki pengo la kupitisha panya, na graniti ikishakatwa hairefushwi. Nilipanda mlima tena, nikamweleza Mama Yasmin kwamba nimekosea na bei inaongezeka laki moja na nusu. Nilijua atanifukuza. Badala yake akasema afadhali aliyerudi kusema kabla ya kukata.

Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya kwenye misingi ya mawe kule Misungwi. Nikagundisha karatasi za mifuko ya saruji ziwe moja, nikaikandamiza kwenye jiwe, nikakata kwa kisu kufuata kila kibonde. Nilikuwa nikikucheka kwamba unalishonea jiwe nguo, unakumbuka? Mkataji akaifuata karatasi ile. Juzi kaunta imekaa, na Mama Yasmin ameshakandia chapati juu yake.

Sasa nililokuficha. Siku ya kwanza Mama Yasmin aliponiona na futi mkononi, aliuliza fundi yuko wapi. Nikajibu kwamba fundi ni baba yangu, ana miaka thelathini na moja kwenye kazi, mimi namchukulia vipimo tu. Kwenye karatasi ya makadirio nikaandika jina lako, na sahihi yako nikaiweka. Kujenga nako nimejenga mimi, kibarua wangu Maige akinikorogea zege. Na hilo ni jiko la tatu tangu Januari. Uliposema ufundi si kazi ya binti yako niliitikia ndiyo, Baba, na moyoni nilikuwa nakataa. Kwa ile sahihi naona aibu, unisamehe. Kwa kazi sioni.

Mama Yasmin nitamwambia ukweli, hilo nimeshaamua. Lakini anataka kukusalimia, na Jumamosi ijayo anatupikia pilau. Njoo, mlima tutaupanda polepole. Njoo na kipande cha karatasi mfukoni, ukipitishe kati ya kaunta na jiwe. Kikipita popote, futi nakukabidhi palepale, nabaki kuuza vigae. Kisipopita, uniruhusu jina lako niliandike tena, safari hii wewe ukijua.

Mama msalimie sana, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awalinde.

Ni mimi binti yako,
Gladness Machibya