Jina la Aliye Hai

Acocks Green, Birmingham

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi, na kama umesimama, tafuta kiti kwanza. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtuma nayo mtoto wa mchungaji, natumai unajichua wewe na si ng'ombe. Sisi huku tu wazima. Alfayo anakusalimu, bado anafanya zamu za usiku hospitalini na mchana analala kama gunia. Angeline ameng'oka meno mawili ya mbele, na Kiswahili chake, ambacho kilikuwa cha kuokoteza, sasa kimekuwa cha kupuliza. Mdogo wake anakula, analala na kupiga kelele, yaani angeweza kuchaguliwa mzee wa kanisa hata leo.

Najua unachongoja kusikia. Kila ukiniuliza mtoto anaitwa nani, nakwambia mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama. Najua pia umeshawaambia akina mama wa chama kwamba somo wako amezaliwa Uingereza, maana zamu ni yako: binti wa kwanza alichukua jina la marehemu mama yake Alfayo, wa pili ni wako. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza, na habari hii ukiikata katikati utanilaani bure.

Wale watu ninaolea watoto wao, ambao wewe huwaita Wazungu wangu, ni Wayahudi, na ni Wayahudi wa kushika dini. Mama wa nyumba ni Dvora, ana watoto watano, na mama mkwe wake, Hinda, anakaa nao. Watoto humwita Bobe, yaani bibi, nami nikafuata hivyo hivyo. Napanda basi namba kumi na moja, lile linalozunguka jiji zima kama mtu aliyesahau anakokwenda, nashuka Kings Heath na kutembea kidogo. Wayahudi wa Birmingham si wengi, na kwa sababu hiyo wanajuana kupita kiasi. Akiva, mtoto wa tatu, mwenye miaka minane, alivunja dirisha la jirani kwa mpira, na kabla hajafika nyumbani kukana, mama yake alikuwa ameshapigiwa simu na watu wa mitaa miwili. Siku hiyo nilijisikia niko kwetu Othaya.

Mtoto kwao ni wa wote. Wanaingia nyumba yoyote bila kubisha, wanafungua friji, na mama yeyote atakayewakuta atawalisha au kuwakaripia, au yote mawili. Ila jikoni ndiko kwenye katiba. Vyombo vyekundu ni vya nyama, vya buluu ni vya maziwa, wala havikutani hata kwenye kuoshwa. Mwezi wangu wa kwanza nilikoroga mchuzi wa nyama kwa kijiko cha buluu. Bobe Hinda alikiangalia kile kijiko kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu. Hakunigombeza. Alikichukua, akakiweka kando, akaniuliza kama kwetu hatuna miiko. Nikamwambia tunayo, ila haiko kwenye vijiko. Akacheka. Tangu siku hiyo tukawa marafiki wa kuzozana.

Mandazi yangu waliyatamani na hawakuweza kuyala yakitoka nyumbani kwangu. Kwa hiyo nayapika kwao, kwa tui la nazi badala ya maziwa ili yafae hata baada ya nyama, na lazima mkono wa Myahudi ndio uwashe moto. Bobe huja na fimbo yake, huwasha jiko, kisha huketi kunisimamia, na baadaye huwaambia watu kwamba amepika mandazi. Ijumaa jua likikaribia kuzama, watoto wote watano wanakuwa wameogeshwa, na baba yao huwawekea mkono kichwani mmoja mmoja na kuwabariki, hata yule aliyevunja dirisha. Angeline, ambaye huenda nami huko siku za likizo, juzi alianza kubariki chakula kwa Kiebrania mbele ya ugali. Baba yake akaitika Amina kwa sauti ya Kipentekoste, na Mungu nadhani alielewa.

Sasa nisogee kwenye jambo lenyewe. Nilipomwambia Dvora nina mimba, hakunipongeza. Alisema tu iwe kwa saa njema, akaendelea kukunja nguo. Hakuna aliyeleta hata soksi. Nikadhani wamekasirika kwamba nitaacha kazi. Kumbe kwao mtoto asiyezaliwa hapongezwi wala hanunuliwi kitu, jicho baya lisije likasikia. Nilipojifungua ndipo mlango ulipofunguka. Unajua nilivyopasuliwa, na unajua visa yako ilivyokataliwa, na mkoba wako ulikuwa umeshafungwa. Likizo ya Alfayo ilikwisha nami bado sikuweza kunyanyua hata birika. Wale akina mama wa sinagogi wakajipangia zamu. Kila jioni mmoja wao alibisha na supu ya kuku, wali, viazi, kila kitu kimefungwa kwa karatasi ya foili. Hawakunijua jina. Walijua tu kuna mzazi. Bobe Hinda akaja mwenyewe na fimbo yake, akiletwa na mwanawe kwa gari, akanifunga tumbo kwa kitambaa kama ambavyo ungenifunga wewe, akamwogesha mtoto, akanisema kwa kutokula. Nililia mara moja. Alijifanya hakuona, akasema supu inapoa.

Ndipo nikaamua, Mama. Siku za kumwandikisha mtoto zilikuwa zinayoyoma. Nikambeba mgongoni hadi Kings Heath, nikawakuta wote jikoni, nikamweka mapajani mwa Bobe na kumwambia:

"Bobe, huyu ni wewe. Nimempa jina lako. Anaitwa Hinda."

Nilingoja machozi ya furaha. Nilikuwa hata nimebeba leso. Bobe alinirudishia mtoto polepole, kama mtu anayerudisha sufuria ya moto, akashika fimbo yake akapanda ngazi. Dvora alibadilika rangi. Nikajua basi, kumbe wema wao una mpaka, na mpaka wenyewe ni ngozi ya mwanangu. Nilikuwa nimeanza kumfunga mtoto mgongoni Akiva alipouliza:

"Sasa Bobe atakufa?"

Dvora ndiye aliyenieleza, huku ananishika mkono. Kwao mtoto hupewa jina la aliyekufa, ili jina lisipotee. La aliye hai halitolewi, maana malaika wa kifo akija na jina mkononi akute wawili, anaweza kumchukua yeyote, na mwenye jina la kwanza ndiye aliye karibu na mlango. Kwa hiyo mimi, kwa shukrani zangu zote, nilikuwa nimempelekea mama wa miaka themanini na moja jeneza limefungwa utepe. Nikapanda basi nikiwa sitaki kutazamwa. Alfayo aliposikia alicheka hadi akaketi sakafuni. Alisema kwao pia jina la mzee hungoja mzee aondoke, na kwamba ningemuuliza angeniambia, lakini tangu lini nikauliza. Mimi sikucheka. Niliona nimeipoteza nyumba ile.

Jumapili mlango ukabishwa. Ni Bobe, na mwanawe nyuma akiwa amebeba supu. Aliketi, akaomba maji baridi kwenye glasi, maana kwangu hicho tu ndicho awezacho kunywa, akamchukua mtoto. Akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai. Akauliza desturi yetu inasemaje kuhusu jina. Nikamweleza. Akauliza kama wewe unalitaka jina hilo. Nikamwambia umeshalitangaza mlima mzima.

"Basi kwa nini unaniletea mimi mali ya mwanamke mwingine?"

Hapa ndipo nilipotaka ukae kwenye kiti, Mama. Nilikuwa na hasira nawe. Si wewe uliyejinyima visa, nalijua hilo, lakini usiku ule wa kwanza nilikuita na hukuja, na moyo wa mzazi hausomi barua za ubalozi. Nikaona jina liende kwa mkono ulionishika. Nilimwambia Bobe hayo yote. Akasema mkono wake ulikuwa unashika zamu tu, mama mwenyewe yuko njiani.

Halafu akaomba kitu. Alikuwa na mdogo wake, Gitel, aliyekufa kwa nimonia akiwa mtoto, enzi baba yao anang'arisha pete kwenye karakana kule Hockley, hapa hapa Birmingham. Bobe amezaa wavulana watupu, na wajukuu walichukua majina ya wengine. Jina la Gitel halijaitwa na mtu kwa miaka zaidi ya sabini. Akauliza kama mwanangu ana nafasi.

Mwanangu ameandikishwa Jumanne. Anaitwa Nyaguthii Gitel. Watangazie chama.

Kwa kuwa sasa jina lako limetolewa ungali hai, Bobe ana wasiwasi nawe sana. Ameagiza ukapimwe presha, na usipande tena kwenye dari la ghala. Ameniuliza pia jina la mama yako, kwa sababu kwao anayeombewa uzima hutajwa kwa jina la mama yake. Kwa hiyo ujue, kila Jumamosi asubuhi, ukiwa unakama, kuna mwanamke mzee Birmingham anasimama na fimbo yake kumwambia Mungu habari za Nyaguthii binti wa Wangui, asije akamchanganya na mwingine.

Wasalimie akina mama wote wa chama na majirani wa ng'ambo ya mto. Tunaomba visa tena. Usiufungue ule mkoba.

Ni mimi binti yako, ambaye hasira zimemwisha,
Peninah