Vigingi vya Kazino kwenye Migomba Yako

Mama,

Usianze kunifokea kabla sijamaliza. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mpaka mlangoni na kurudi, karatasi hii nimeiacha mara tatu, na lituma, ndizi zangu za kuponda, imeniungulia jikoni. Tangu uende sijakuandikia hata neno. Leo nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa kwenye shamba lako, na sina mwingine wa kumwambia.

Walitaka kujenga kazino pale, Mama. Kazino! Nyumba ya kamari, yenye meza za karata, muziki na taa za rangi. Tajiri mmoja alifika na meli ya Léopoldville, mchoro wake kaukunja chini ya kwapa, akamwambia bugumesta wetu, mkubwa wa mji, kwamba mji uliotoka vitani unahitaji furaha. Chumvi hakuna sokoni, kuta za mtaa wa Makiso bado zina matundu ya risasi, yeye anatuletea furaha. Haya.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike mbavu. Walibishana wiki nzima kwenye uwanja wa ofisi ya komine, nami nilikwenda kila siku, kwa umbea tu, nakiri. Swali lilikuwa wapi. Watu wa Makiso walisema kazi tunaitaka, lakini si karibu na kanisa. Watu wa Mangobo wakasema basi ije kwetu, vijana wetu wanakaa bure. Hapo hapo wazee wa msikiti wakasimama kama walioketi juu ya siafu. Papa Tabu, yule fundi wa baiskeli, akauliza: "Bon, sisi tulishacheza kamari ya uhuru, na tumeliwa. Sasa munataka tucheze tena na nini?" Watu walicheka, kisha kila mtu akatazama chini.

Ndipo bugumesta akasema kuna kiwanja kitupu mtaa wa Tshopo, karibu na mto, hakina mtu, ni migomba ya porini tu.

Ya porini! Mama, nilihisi damu imenipanda kichwani. Yeye mwenyewe ulimpokea kwa mikono yako ukamkata kitovu. Kondo lake la nyuma ulilizika pale na ukapanda mgomba juu yake, kama ulivyompandia kila mtoto uliyempokea mtaani kwetu. Kasoma, kavaa tai, kasahau. Lakini wanawake hawakusahau. Wewe ulikufa mapema, hukuona yaliyofuata. Baada ya vita ya wale waasi wa Simba, watoto wengi hawakurudi, wala wazima wala maiti. Mama zao hawana kaburi la kwenda. Basi wakaanza kuja kwenye migomba yako, kwa sababu pale angalau kuna kitu kilichotoka pamoja na mtoto. Na wasiokumbuka wao walikuja kwangu, maana mimi ni binti wa mkunga. "Aziza, mugomba ya mutoto yangu iko wapi?"

Na mimi, Mama, nilikuwa sijui.

Unakumbuka ulivyokuwa unanizungusha mle, ukitaja huu wa fulani, huu wa fulani, na mimi akili yangu iko kwenye cherehani na rinda la sikukuu? "Sikiliza, Aziza, migomba inatembea," ulikuwa unaniambia. "Mama anakufa, mutoto anaota pembeni. Ukitegemea macho, itakupoteza." Nikaitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama. Ungenizaba kibao siku ile, labda ningesikia. Shamba lote lile mimi najua mmoja tu, ule uliobanwa kati ya kichuguu na jiwe, ambao hauna pa kutembea. Ule wa Yaya Ramazani, kaka yangu. Kila mtu nyumbani alijua huo ni wa Yaya.

Mama Zuberi alikuja wa kwanza. Unajua Zuberi alivyofuata Simba na majani kichwani, akaishia hatujui wapi. Alisimama mbele yangu na kanga yake imeloa machozi, akaniangalia hivi, nikashindwa kumwambia sijui. Kumwonyesha mgomba wowote tu pia nikashindwa. Niliona nitampa mtoto wa mtu mwingine. Nikamwonyesha ule ninaoujua. Nilijiambia angalau huu ni wa kweli, una mtu ndani. Akaukumbatia. Tangu hapo anakuja kila Ijumaa.

Baadaye akaja Mama Petelo. Petelo alikuwa soda, askari wa serikali, Simba walimkamata kwenye daraja. Na yule naye akasimama, naye akaniangalia. Sijui niseme nini, Mama. Mkono wangu ulinyooka wenyewe kuelekea kichuguu. Nilijua huyu atakuja Jumapili baada ya misa, na yule Ijumaa, hawatakutana. Ndivyo nilivyofikiri, mjinga mimi.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku walipokuja kupiga vigingi, habari ilienea, na wanawake wote wakaja kwa pamoja, asubuhi moja, kila mmoja akasimama kwenye mgomba anaoujua kuwa wake. Bugumesta alikuja na mpimaji wa ardhi, na tajiri na mchoro wake, na kibarua wa serikali mwenye jembe. Nami nikaona wale wawili, Mama Zuberi upande huu wa kichuguu, Mama Petelo upande ule, wote wameshika shina moja.

"Hii iko ya mutoto yangu," alisema mmoja. "Hapana, iko ya wangu, Aziza ndiye alinionyesha," akasema mwingine. Shamba zima likageuka kunitazama. Bugumesta akapiga makofi, akamgeukia tajiri: "Alors, umeona? Hata wao wenyewe hawajui. Ni migomba tu."

Mama, nilitaka ardhi inimeze. Kwa uongo wangu mmoja, wote waliokuwa na cha kushika asubuhi ile walikuwa wanakaribia kukikosa. Na hofu yangu nyingine ilikuwa kubwa zaidi: mtaa mzima unajua Zuberi alikuwa nani na Petelo alikuwa nani. Nilisubiri wale wawili wazabane makofi. Nilisubiri matusi ya vita ile yaanze upya pale pale, juu ya mgomba wa kaka yangu.

Mama Petelo akatua beseni lake. "Wako alikuwa Simba," alisema. "Na wako alikuwa soda," akajibu Mama Zuberi. Wakatazamana, mpimaji akakohoa. Kisha Mama Zuberi akajisogeza, akaketi, mgongo wake kwenye kichuguu. Mama Petelo naye akaketi upande wake, miguu kainyoosha kama mtu aliyefika kwake. Akamwambia yule wa jembe: "Bon, chimba. Lakini utuambie kwanza unaanza na mutoto ya nani."

Yule mtu aliweka jembe chini. Hakuna aliyemwamuru.

Bugumesta alizunguka mle, mikono nyuma, anatazama mgomba huu, anatazama ule. Mwishowe alinijia karibu, sauti kaishusha, siyo ile ya mkutano. "Na wangu, dada? Wangu iko wapi?" Ulimi ulikuwa tayari kunyanyuka, Mama. Ningemwonyesha wowote, angeamini, na mambo yangekwisha. Nikasema, "Sijui, Papa. Mama aliniambia, sikusikiliza." Alitikisa kichwa, kisha akamwambia mpimaji aache. Vigingi vyote vimeng'olewa. Wamerudi kubishana Makiso, sasa wanasema labda karibu na bandari, na tajiri anakunywa bia peke yake hotelini na mchoro wake.

Kwa hiyo shamba liko salama, na mimi ndiye sina raha. Wanawake wale wawili sasa wanakuja pamoja, siku yoyote, wanaleta mikeka, wanaongea. Na mimi nikitaka kumlilia Yaya, nasimama mbali barabarani kama mpita njia, kwa sababu mahali pake nimewagawia watu. Walimchukua mchana kweupe, Mama, na mpaka leo hatujui ni waasi au ni jeshi. Siku zile nguo za jeshi zilikuwa zinavuliwa na huyu na kuvaliwa na yule. Wewe ulimngoja mpaka ukafa. Mimi nimemfanya kuwa Simba wa mmoja na soda wa mwingine, na huenda alikuwa vyote au si chochote. Umenikasirikia? Nambie hata ndotoni.

Nimewaza sana, niwaambie au niwaache na amani yao. Leo nimeamua, kabla roho haijageuka tena. Mgomba umezaa, mkungu umeanza kunenepa. Ijumaa nitakwenda na mkeka wangu. Sitawanyang'anya kitu. Nitawaambia ukweli wote, halafu nitawaambia: sogeeni kidogo, mama zangu, na mimi nina wangu hapa.

Lala, Mama. Safari hii nimesikiliza.

Binti yako,
Aziza