Shimo Nyuma ya Jiko

4 Mei

Na kingine, Mama, ambacho juzi karatasi iliisha kabla sijakisema: mume wangu huwa anaimba akinawa miguu. Shikamoo kwanza. Natumaini mgongo umetulia. Sisi wazima, tena wazima wa kupitiliza.

Nyumba tuliyopewa na kampuni ya kahawa anakopimia udongo ina vyumba viwili, na kimoja kimejaa mifuko ya udongo wa mashamba ya watu, inasubiri kwenda maabara. Bibi harusi mwingine angenuna. Mimi naipangusa vumbi. Jioni mume wangu huchukua udongo kidogo, akaulowesha na kuuviringisha kiganjani mpaka uwe kama uzi, akaniambia, "Huu una mfinyanzi, utashika maji." Kisha hunishika mkono kwa tope hilohilo. Nani alijua mapenzi yananukia udongo?

Miche ya kahawa itagawiwa mvua zikianza. Anasema shamba letu la hapo nyumbani lilipita kipimo cha udongo vizuri kuliko yote upande ule. Nilijivuna kana kwamba nililiumba mimi.

Mwanao mwenye raha zake

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na kwao. Habari za kunawa miguu nimemsomea shangazi yako, akasema, "Huyo kalogwa." Nikamwambia amwache mtoto, asali bado haijachacha.

Nimeanza kukata migomba. Kampuni inataka shamba liwe wazi kabla miche haijafika. Upande wa juu umekwisha, wiki ijayo nateremka chini. Inauma, maana migomba hiyo ndiyo iliyokusomesha. Lakini mkwe amesema udongo unafaa kahawa, mimi nani nibishe?

Mama yako

19 Mei

Mama,

Shikamoo. Weka panga chini ndipo uendelee kusoma. Usikate mgomba mwingine.

Jana mume wangu alikuwa barazani akimfundisha mwenzake mgeni kazini namna ya kuchagua mahali pa kuchimba shimo la kupimia. Mimi namenya viazi. "Kaa mbali na nyumba, mbali na zizi, mbali na jaa," akasema, "la sivyo utapima takataka za watu uziite rutuba." Kisu kilinikata kidole.

Siku aliyokuja kupima kwetu alitaka kwenda katikati ya shamba. Ni mimi niliyemwita nyuma ya jiko. "Chimba hapa, kuna kivuli." Alipouona ule udongo mweusi aliuliza, "Hapa palikuwa na nini?" Nikamjibu, "Hapana kitu, shamba tu." Nilitaka nimwone dirishani nikipika, Mama. Basi. Majivu yetu na maganda yetu ya miaka yote ndiyo yaliyofaulu mtihani. Kule chini sote tunajua jembe halizami, hugonga changarawe. Mgomba unavumilia. Kahawa itapitisha wapi mzizi wake?

Sijamwambia. Ananipikia chai asubuhi, nainywa kama mwizi aliyekaribishwa. Nikisema, kazi yake itakuwaje? Na mimi atanitazamaje?

Mwanao

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Panga nimelificha uvunguni. Upande wa chini umenusurika.

Sasa nisikilize na mimi. Unadhani jaa langu silijui? Siku ile nilikuwa mlangoni na ungo wangu, nikakuona unavyomwonyesha, nikanyamaza. Nilijiambia, akichimba kule chini ataandika "halifai" aende zake, nawe ubaki unatazama njia. Nilitaka miche, nilitaka na mkwe. Baadaye nikaona aibu kurudi nyuma, nikawa nakata migomba yangu mwenyewe huku najua.

Usiubebe peke yako. Mwambie tulikuwa wawili.

Mama yako

6 Juni

Mama,

Shikamoo, na pole kwa migomba.

Nimemwambia. Nilianza na "tulikuwa wawili", nikajiona najificha nyuma ya kanga yako, nikasema yangu tu. Yako utayasema mwenyewe.

Hakufoka. Aliacha chakula kikapoa, akasema, "Ule weusi niliuona. Niliridhika na jibu lako kwa sababu ulikuwa unatabasamu." Kesho yake alikwenda kwa mkubwa wake kabla ya kazi kuanza, akamweleza yote. Amepewa onyo, na miche ya shamba letu imezuiwa. Nyumbani ananisalimu vizuri, kama anavyomsalimu jirani. Heri angenifokea.

Jana ndipo aliponiuliza kama naweza kushika sururu. Shamba litapimwa upya, na msaidizi anayemtaka ni mimi. Nilimjibu naweza, ingawa sijui. Nitajifunza hukohuko. Tutachimba katikati, juani, na tutakachokikuta ndicho kitakachoandikwa, hata kama ni changarawe tupu na kahawa tutaisikia kwa majirani. Tutakuletea na machipukizi ya migomba badala ya ile uliyoikata, kila mmoja wetu atapanda yake.

Utusubiri, Mama. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Mwanao