Dawa ya Macho Niliyoiharibu Mie

Mpendwa Baba Neema,

Arobaini yako imepita. Naiandika barua hii wazi ili waisome na wale wa Temeke waliokutaja vibaya.

Unakumbuka chumba chetu cha dawa pale zahanati ya Temeke? Wewe mchanganya dawa, mie mwosha chupa. Ujamaa ulikuwa mpya, dawa za nje haba, ukawa unatengeneza mwenyewe dawa ya fedha ya macho ya vichanga. Uliyeyusha chumvi ya fedha, ukaidondosha kwenye jelatini ya vuguvugu iliyotiwa dawa ya kuigeuza chumvi hiyo kuwa fedha tupu, mpaka maji yakawa na rangi ya asali. Humo mlikuwa na chembe za fedha ndogo mno, jicho halizioni.

“Kila chembe ivae nguo ya jelatini kabla haijakutana na mwenzake,” ulinifundisha. “Ukiharakisha zinashikamana, zinanenepa, zinazama. Hapo si dawa tena.” Ikigeuka kijivu, uliimwaga.

Jumamosi ile ulikwenda kulima shamba la ushirika, ukaniachia kazi. “Tone moja moja, Mama Neema.” Lakini Neema alikuwa na homa nyumbani, nami roho juu. Nikamimina yote kwa pamoja. Asali ikageuka kijivu mbele ya macho yangu. Chumvi ya fedha ilikuwa imekwisha. Nikaitia kwenye chupa ya rangi ya kahawia, nikabandika karatasi, nikakimbilia nyumbani.

Mkunga akaitumia. Salma, kichanga wa Bi Hadija wa Mtoni, akapoteza jicho la kushoto kwa usaha ambao dawa ile haikuuzuia. Chupa ilipochunguzwa, fedha ilikuwa imeganda chini kama matope. Mganga mkuu akauliza nani kachanganya. Ulinitazama mara moja tu.

“Mie,” ukasema.

Wakakuondoa kwenye dawa, wakakuhamishia Kimbiji kuandika majina ya wagonjwa. Jioni moja kule nilianza, “Baba Neema, ile chupa…” Ukasogeza bakuli la mchuzi. “Kula, mama. Ugali unapoa.” Sikurudia tena. Mpaka unakufa sikurudia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki iliyopita nilivuka na pantoni, nikaenda Mtoni. Bi Hadija alikuwa anachambua mchele. Nikamweleza yote, sikujipunguzia. Akauweka ungo chini.

“Mumeo alikuja hapa kila Idi,” akasema. “Mkristo yule, anakaa nasi, anakula nasi, kisha ananiomba radhi upya. Nilimsamehe zamani. Kumbe nilimsamehe asiye na kosa.” Akarudia mchele wake. “Wewe, mama, bado sijui. Niache kwanza.”

Hukuniambia kamwe kuhusu hizo Idi, Baba Neema. Nilidhani unakwenda mjini kusalimia ndugu.

Kutoka pale nilikwenda zahanati, nikamwambia mganga mkuu aandike jina langu mahali palipoandikwa lako. Atakachoamua nitakipokea. Wewe pumzika, jina lako ni safi, na watoto wako wamelisikia likisafishwa kwa kinywa changu.

Nilipoaga kwa Bi Hadija, Salma alisimama kunisindikiza. Ana miaka kama kumi sasa. Alikuwa amesikia kila neno. Alipita akatembea kushoto kwangu njia nzima, upande ambao jicho lake zima lingeweza kuniona.

Lala, mume wangu, mpaka tuonane.

Ni mie mkeo,
Mama Neema